Durban: Kilichosemwa na damu, na kilichohitaji kuulizwa

Mashine inayopima uzito wa molekuli ilifichua jambo ambalo maelfu ya wanawake walioshiriki majaribio ya kinga ya ukimwi hawakuwaambia wauguzi. Makala yetu ya historia wiki hii inaeleza jinsi damu ilivyosomwa, na kwa nini usomaji wa kwanza haukutosha.



Mwezi Machi mwaka 2013, wanasayansi waliokusanyika mjini Atlanta, Marekani, walisomewa matokeo ya mojawapo ya majaribio makubwa ya kinga ya ukimwi yaliyopata kufanywa miongoni mwa wanawake wa Afrika. Majaribio hayo yalijulikana kama VOICE, jina ambalo kwa Kiingereza lina maana ya sauti. Yalianza mwaka 2009 na kushirikisha wanawake 5,029. Kati yao 4,077 walikuwa wa Afrika Kusini, wengi wakitoka Durban na vitongoji vyake, 630 walikuwa wa Zimbabwe na 322 wa Uganda.

Wanawake hao hawakuwa na virusi vya ukimwi. Walipewa vidonge au jeli ya kupaka ukeni, wakaombwa watumie kila siku, ili ijulikane kama dawa hizo zingewakinga wasiambukizwe. Kila walipofika kliniki waliulizwa kama wanazitumia, na majibu yao yalionyesha kwamba walizitumia kwa takriban asilimia 90. Hata dawa zilizobaki, walizozirudisha na kuhesabiwa, zilielekea kuthibitisha maneno hayo.

Lakini damu ilisema vingine. Sampuli zilipopimwa, dawa ilionekana katika asilimia 30 tu ya sampuli za waliopewa vidonge vya tenofovir, asilimia 29 kwa waliopewa vidonge vya mchanganyiko, na asilimia 25 kwa waliopewa jeli. Zaidi ya hayo, nusu au zaidi ya nusu ya wanawake wa kila kundi hawakuonekana na dawa katika sampuli hata moja. Wakati huo huo, washiriki 312 walikuwa wameambukizwa virusi katika kipindi cha majaribio.

Je, kulikuwa na nini kati ya kinywa na damu? Ili kulijibu swali hilo, yatupasa kurudi nyuma kidogo, hadi Durban kwenyewe.

Durban ni mji wa bandari ulioko kwenye pwani ya Bahari ya Hindi, katika jimbo la KwaZulu-Natal. Mwezi Julai mwaka 2000 mji huo ulikuwa mwenyeji wa mkutano wa 13 wa kimataifa kuhusu ukimwi, na ndiyo iliyokuwa mara ya kwanza kwa mkutano huo kufanyika katika nchi inayoendelea. Rais wa wakati huo, Thabo Mbeki, aliufungua huku serikali yake ikikosolewa vikali kwa kutilia shaka uhusiano kati ya virusi na ukimwi. Mtoto wa miaka 11, Nkosi Johnson, aliyezaliwa na virusi, alisimama mbele ya maelfu ya wajumbe akaomba kina mama wajawazito wapewe dawa. Alifariki dunia mwaka uliofuata. Nelson Mandela ndiye aliyeufunga mkutano huo.

Katika jimbo hilo, watafiti waligundua mapema kwamba wasichana na wanawake vijana walikuwa wakiambukizwa kwa wingi kuliko wavulana wa rika lao. Miongoni mwa watafiti hao walikuwa Quarraisha Abdool Karim na mumewe Salim Abdool Karim, ambao mwaka 2002 walishiriki kuanzisha kituo cha utafiti wa ukimwi kiitwacho CAPRISA mjini Durban. Kilichowasumbua ni hiki: mwanamke akiambiwa atumie kondomu, uamuzi kwa kweli haumo mikononi mwake. Mwanamume akikataa, basi yameisha. Ilitakiwa kinga ambayo mwanamke angeweza kuitumia mwenyewe, hata bila ya kuomba ruhusa.

Kwa hiyo kati ya mwaka 2007 na 2010 yalifanyika majaribio yaliyoitwa CAPRISA 004. Wanawake 889 wa Durban na wa Vulindlela, eneo la mashambani katika jimbo hilohilo, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa jeli yenye dawa ya tenofovir, na jingine jeli isiyo na dawa. Matokeo yalitangazwa mjini Vienna, Austria, mwezi Julai 2010. Katika kundi la jeli yenye dawa walioambukizwa walikuwa 38, na katika kundi jingine 60. Maambukizi yalikuwa yamepungua kwa asilimia 39. Ilikuwa mara ya kwanza kuonyeshwa kwamba jeli yenye dawa ya kupambana na virusi inaweza kumkinga mwanamke.

Lakini mbona asilimia 39 tu? Je, dawa ilikuwa dhaifu, au haikufika ilikotakiwa kufika? Swali hilo halikuweza kujibiwa kwa kuuliza maswali peke yake. Ilibidi kupima. Na chombo cha kupimia, mpenzi msikilizaji, ni kile wataalamu wanachokiita spektrometa ya masi.

Kila aliyewahi kumwona mtu akipepeta mchele kwenye ungo ameona kanuni inayofanana na ya chombo hiki. Mchele na pumba hurushwa pamoja, lakini upepo huzisukuma pumba mbali kwa kuwa ni nyepesi, na punje nzito huanguka karibu. Katika spektrometa ya masi, vinavyopepetwa ni molekuli, na upepo wake ni nguvu ya umeme au ya sumaku. Molekuli hupewa chaji ya umeme, husukumwa ndani ya chombo kilichoondolewa hewa, kisha hutenganishwa kwa kadiri ya uzito wake. Kila aina huacha alama yake.

Fikra hiyo ilianzia katika kazi za J.J. Thomson wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1919 Francis Aston, aliyekuwa msaidizi wake, alikamilisha chombo kilicho bora zaidi, na mwaka 1922 akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Hata hivyo, kwa miongo mingi chombo hicho hakikuwafaa sana waliochunguza mwili wa binadamu, kwa sababu molekuli nyingi za viumbe hai ni dhaifu na zilivunjika kabla ya kupimwa. Mmarekani John Fenn alipata njia ya kuzinyunyiza zikiwa katika matone madogo mno yenye umeme. Matone hukauka, molekuli hubaki nzima zikiwa na chaji. Mwaka 2002 yeye na Mjapani Koichi Tanaka, aliyebuni njia nyingine, walikuwa miongoni mwa washindi wa Nobel ya kemia.

Tangu hapo maabara zikaweza kutafuta ndani ya tone la damu kitu kilicho kidogo kupita kiasi. Tenofovir ikipewa chaji, mashine huiona kwenye alama ya 288. Ikigongwa na gesi huvunjika, na kipande kimojawapo huonekana kwenye alama ya 176. Jozi hiyo ya namba hufanya kazi kama alama ya kidole: ikionekana pamoja, mtaalamu anajua kwamba dawa imo. Katika VOICE, mashine iliweza kuitambua tenofovir hata ilipokuwa nanogramu 0.31 katika mililita moja ya majimaji ya damu. Nanogramu moja ni sehemu moja ya gramu iliyogawanywa mara bilioni moja.

Jambo jingine ni kwamba mwili hauachi kitu kama ulivyokipokea. Chakula, pombe, dawa, vyote huvunjwa na kuundwa upya, na yale yanayotokana na kazi hiyo huitwa metaboliti. Tenofovir yenyewe, kama inavyomezwa, haiwezi kuzuia virusi. Ni lazima kwanza seli za mwili ziiongezee fosfati mbili, iwe tenofovir-difosfati, na metaboliti hiyo ndiyo inayovizuia virusi visizaliane.

Vitu hivyo viwili, dawa na metaboliti yake, hutoa ushahidi wa nyakati tofauti. Katika majimaji ya damu, nusu ya tenofovir huondoka kwa muda wa saa 17 hivi. Kwa hiyo ikionekana humo, inajulikana kwamba mtu alimeza kidonge siku chache zilizopita. Lakini difosfati iliyomo ndani ya chembe nyekundu za damu huchukua takriban siku 17 kupungua kwa nusu. Tone moja la damu lililokaushwa kwenye karatasi linaweza kueleza mwenendo wa wiki nyingi.

Basi turudi kwenye majaribio. Baada ya CAPRISA 004 matumaini yalikuwa makubwa, na majaribio mengine yalikuwa yameshaanza. Mmojawapo wa utafiti huo uliitwa FEM-PrEP. Ulihusisha wanawake 2,120, wakiwemo wa Bondo nchini Kenya, na wa Bloemfontein na Pretoria nchini Afrika Kusini. Ulisimamishwa mwaka 2011 baada ya kuonekana kwamba hautaonyesha faida: walioambukizwa walikuwa 33 kati ya waliopewa dawa, na 35 kati ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Hapo pia washiriki walisema wanameza, na hapo pia damu ilionyesha kwamba walio wachache, chini ya asilimia 40, ndio waliokuwa wamemeza karibuni.

Lakini mwaka huohuo wa 2011 zilitoka habari tofauti kabisa kutoka Kenya na Uganda. Utafiti wa Partners PrEP ulifuatilia jozi 4,747 za wanandoa na wapenzi, ambapo mmoja ana virusi na mwenziwe hana. Vidonge vya tenofovir vilipunguza maambukizi kwa asilimia 67, na vya mchanganyiko kwa asilimia 75. Sampuli za damu za wale ambao hawakuambukizwa zilionekana kuwa na tenofovir kwa asilimia 82.

Dawa ni ileile, na mashine ni ya aina ileile. Tofauti ilikuwa katika maisha ya wanaoitumia. Katika Partners PrEP, mume na mke walijua hali zao, walikuja kliniki pamoja, na kidonge hakikuwa siri ndani ya nyumba. Katika VOICE, wengi wa washiriki walikuwa wasichana ambao hawajaolewa, na mara nyingi mwanamume hakujua, au alijua na hakupendezwa.

Matokeo ya VOICE yalipotangazwa, waliolaumiwa kwanza walikuwa wanawake wenyewe. Ilisemwa kwamba wamedanganya, kwamba wamefuata fedha za nauli na huduma za kliniki, kwamba wamepoteza mamilioni ya dola. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Baadhi ya watafiti waliona kwamba mashine imetoa jibu la swali moja tu. Ilikuwa imesema kuna dawa au hakuna. Kwa nini hakuna, hilo haikuwa na uwezo wa kulisema.

Ndipo ukafuata utafiti mwingine, VOICE-D, uliorudi kwa washiriki wa zamani katika nchi zote tatu. Safari hii katika mazungumzo wanawake walionyeshwa matokeo ya damu zao, kisha wakaombwa waeleze. Hapo wengi wakasema yale ambayo hawakuyasema kliniki. Waliogopa madhara ya dawa. Waliogopa kuonekana na vidonge ambavyo majirani wanavijua kuwa ni vya wagonjwa wa ukimwi. Waume na wapenzi walikataza. Katika vyumba vya kusubiria, wanawake walionyana wao kwa wao. Wengine waliona ajabu kumeza dawa kila siku ilhali hawaumwi. Na walificha kwa sababu waliwaheshimu wauguzi au waliogopa kuondolewa katika utafiti, ambako walipata vipimo na matibabu ambayo vinginevyo wasingeyapata kwa urahisi.

Hayo hayakuwa mambo madogo. Miongoni mwa washiriki wa VOICE, wasichana wasioolewa wenye umri chini ya miaka 25 waliambukizwa kwa kiwango cha karibu 9 katika kila 100 kwa mwaka. Hao ndio waliokuwa na haja kubwa zaidi ya kinga, na hao ndio walioweza kuitumia kwa shida zaidi.

Mwaka 2017, mpenzi msikilizaji, historia hii ilipata ukurasa mwingine ambao wachache waliutarajia. Sampuli za CAPRISA 004, zilizochukuliwa Durban na Vulindlela miaka mingi kabla, zilifanyiwa uchunguzi mpya na matokeo yakachapishwa katika jarida la Science. Watafiti waliangalia wanawake 688, na kwa kutumia spektrometa ya masi walichunguza protini ili kujua ni bakteria gani wanaoishi katika uke wa kila mmoja.

Kwa wanawake ambao bakteria wao wengi walikuwa wa jamii ya Lactobacillus, wanaohesabiwa kuwa walinzi wa sehemu hiyo, jeli ilipunguza maambukizi kwa asilimia 61. Kwa wanawake waliokuwa na bakteria wengine kwa wingi, hasa wale waitwao Gardnerella, ilipunguza kwa asilimia 18 tu, kiwango ambacho kitakwimu hakiwezi kutofautishwa na bahati.

Sababu yake ilionekana maabara. Bakteria hao walipowekwa pamoja na tenofovir, dawa ilipungua upesi na pakaonekana metaboliti yake, adenini. Kwa maneno mengine, bakteria walikuwa wakiila dawa na kuivunja kabla seli za mwili hazijapata nafasi ya kuigeuza kuwa difosfati inayokinga.

Fikiria maana yake. Mwanamke wa Vulindlela huenda aliipaka jeli kama alivyoagizwa, na bado kipimo kikasema dawa ni kidogo. Anayetazama namba peke yake angemhesabu kuwa mvivu au mwongo. Kumbe wadudu wasioonekana kwa macho ndio walioichukua. Ni kweli kwamba wengi hawakutumia dawa, na wao wenyewe walikiri hivyo baadaye. Lakini uhaba wa dawa mwilini una sababu zaidi ya moja, na haifai kuwahukumu wote kwa kosa la baadhi yao.

Hapa inafaa kuongeza tahadhari moja. Kisa cha bakteria kinahusu jeli inayopakwa. Kuhusu vidonge vinavyomezwa, uchambuzi wa data za Partners PrEP, uliotolewa pia mwaka 2017, ulionyesha kwamba vilikinga vilevile bila kujali bakteria waliomo ukeni. Dawa iliyomezwa huja kwa njia ya damu, haipiti kwanza mikononi mwa wadudu hao.

Mafunzo hayo hayakupotea. Mwaka 2016 yalitangazwa matokeo ya pete ya kuvaliwa ukeni yenye dawa ya dapivirine, iliyojaribiwa pia Durban, ambayo mwanamke huibadilisha mara moja kwa mwezi. Katika utafiti wa ASPIRE uliowahusisha wanawake 2,629 wa Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe, maambukizi yalipungua kwa asilimia 27. Safari hii watafiti hawakupima damu peke yake, bali pia pete zilizorudishwa, ili kujua ni dawa kiasi gani iliyobaki ndani yake.

Kisha ukaja mwaka 2024. Utafiti ulioitwa PURPOSE 1, uliofanywa Afrika Kusini na Uganda, ulijaribu sindano ya lenacapavir inayochomwa mara mbili kwa mwaka. Kati ya wanawake 2,134 waliopewa sindano hiyo, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Katika makundi mawili ya waliopewa vidonge vya kila siku, walioambukizwa walikuwa 39 kati ya 2,136, na 16 kati ya 1,068. Matone ya damu yaliyokaushwa yalipopimwa difosfati, yalionyesha tena lile la miaka kumi iliyopita: wengi wa waliopewa vidonge hawakuvimeza vya kutosha. Mwezi Julai 2025 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza sindano hiyo itumike kama kinga.

Mwanamke aliyechomwa sindano hana chupa ya vidonge ya kuficha chini ya godoro, wala hana la kumweleza mtu akikutwa nayo. Ukiyasikiliza yale waliyoyasema wanawake wa VOICE-D, utaona kwamba sindano hiyo inajibu malalamiko yao mengi. Lililobaki sasa ni kama itawafikia, kwa bei wanayoimudu na katika kliniki iliyo karibu.

Nayo mashine imesogea karibu na nyumbani. Damu za washiriki wa VOICE zilisafirishwa hadi Baltimore, Marekani, kupimwa dawa. Leo Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal kina spektrometa zake, na watafiti wa kampasi ya Westville wamezitumia hata kufuatilia jinsi dawa za kupunguza makali ya virusi zinavyosambaa ndani ya ubongo wa panya.

Afrika Kusini ingali nchi yenye watu wengi zaidi duniani wanaoishi na virusi vya ukimwi, na majaribio mengine yatafuata. Bila ya mashine, VOICE ingeandikwa katika vitabu kwamba tenofovir haifai, na dawa inayookoa maisha huenda ingetupwa. Na kama watafiti wangeridhika na namba za mashine, wanawake wa Durban wangeandikwa kuwa waongo, na hakuna ambaye angejua walichokuwa wakikiogopa. Ukweli ulipatikana pale mtafiti aliporudi na karatasi ya majibu mkononi, akaketi na mwanamke aliyetoa damu hiyo, akamwuliza.

Na hapo, mpenzi msikilizaji, ndipo yanapofikia tamati makala yetu ya historia kwa wiki hii.